Ngazi tatu mbele ya butike: mteja wangu wa kiti cha magurudumu ataingia namna gani?

"Jambo. Niko na butike ya chakula hapa Goma, sasa ni mwaka wa sita. Iko mama mmoja jirani, tangu nimefungua alikuwa ananunua kwangu karibu kila siku. Mwaka uliopita alipata aksida, sasa anatembea mu kiti cha magurudumu. Mbele ya butike yangu iko ngazi tatu, nimepima kila moja, santimetri 17. Siku hizi anatumaka watoto, lakini wiki iliyopita alikuja mwenyewe, akabaki chini ya ngazi mu jua, nikamuuliza anataka unga gani, akanijibu: niletee tu yoyote. Lile neno limenikaa mu roho. Masoni anasema atanimwagia rampe, njia ya mtelemko ya beto, ya metri moja na nusu mbele ya mlango, siku moja inaisha. Mwenye nyumba anasema ni kuharibu mbele ya nyumba juu ya mteja mmoja. Vijana wa hapa wanasema wao watakuwa wanamubeba tu. Pembeni ya butike iko kuluwari ya upana wa metri moja na nusu inaingia mu parseli, na kule ndani mlango wa depo iko na ngazi moja tu, kama santimetri 18. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, aksanti kwa swali, na aksanti zaidi juu umepima. Watu wengi wananiambia "ngazi zangu ni fupi tu" bila metri, na mtu anabaki kujibu kama anapapasa mu giza. Mimi ni kine, kazi yangu ni kusaidia watu warudie mwendo kisha aksida ao ugonjwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haiko ku kitanda cha mazoezi, iko ku milango ya watu, na metri mu mkono.

Nianzie ku lile neno, "niletee tu yoyote", juu njo swali lenyewe. Mama huyu hakosi unga. Watoto wanaweza kumuletea, hata wewe unaweza kumupelekea mpaka kwake. Kitu amekosa ni kuchagua. Mtu amenunua kwako miaka mitano anajua muhogo gani umekauka vizuri na gani unanuka, anajua kuingiza mkono mu gunia la maharagi na kuona kama yameingia wadudu, anaangalia mizani inasimama wapi, anakuomba upunguze kidogo, anakuuliza habari za nyumbani, ndiyo anaenda. Vyote hivyo vimebaki juu ya ngazi. Na iko kingine hatukisemaki: leo watu wanalipa na M-Pesa ao Airtel Money, sasa mama akituma mtoto na telefone inabidi amupe na kode yake ya siri. Nimeona familia zimeingia mu fujo kubwa juu ya ile kode. Kwa hiyo ukinisikia nahesabu santimetri hapa chini usidhani ninapenda hesabu.

Masoni wako. Ninaomba umusimamishe kwanza. Hana roho mbaya, anataka kusaidia, lakini rampe ya metri moja na nusu kwa ngazi zako ni mtego, na nitakueleza juu ya nini ili na wewe umueleze.

Ngazi tatu za santimetri 17 ni santimetri 51. Sheria ya kazi yetu ni rahisi kukumbuka: kwa kila santimetri moja ya kupanda, santimetri kumi na mbili za urefu. Njo kipimo cha Marekani, moja kwa kumi na mbili, na ni kipimo cha mwisho, hakiko kipimo cha raha. Wafaransa wako wakali zaidi, kwa majengo mapya wanaomba asilimia 5, maana yake moja kwa ishirini, na wanakubali 8 kwa vipande vifupi visivyopita metri mbili. Sasa piga hesabu yako: 51 mara 12, ni metri 6 na santimetri 12. Masoni anataka kukupa metri moja na nusu. Hiyo ni asilimia 34.

Kama asilimia hazikuambii kitu, waza chukudu, ile trotineti kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Kila mtu wa Goma ameona kijana anasukuma chukudu ya mifuko ya makala, ku tambarare anatembea anaimba, lakini kilima kikianza tu analala juu ya mzigo na mishipa ya shingo inatoka. Mzigo ni ule ule, kilichobadilika ni mtelemko. Mama na kiti chake tuseme wanafanya kilo 90 pamoja. Ku rampe ya moja kwa kumi na mbili anapaswa kusukuma nguvu ya kilo 7 na nusu hivi ili asirudi nyuma. Ku ile ya masoni ni karibu kilo 29, sawa na bidon moja na nusu ya maji, na anaisukuma kwa mikono tu, na hawezi kupumzika, juu akiachilia magurudumu kiti kinashuka. Wewe mwenyewe mwenye miguu hauwezi.

Na nguvu haiko hata tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kupinduka. Mu kiti cha magurudumu uzito wote wa mtu unakaa karibu kabisa juu ya magurudumu makubwa ya nyuma, njo kwa sababu hiyo kinazunguka rahisi. Ukikipandisha ku mtelemko mkali ule uzito unasogea nyuma ya magurudumu, na wakati huo huo mtu anasukuma kwa nguvu, na kila akisukuma magurudumu ya mbele yanataka kuinuka. Inafika pahali vitu vyote viwili vinakutana na kiti kinaanguka kinyume-nyume, na kitu cha kwanza kugonga beto ni kisogo. Niliona na macho yangu, kwa magazini moja ya mjini, walikuwa wameweka rampe fupi na juu yake karo (vigae) nzuri zinang'aa. Kijana niliyekuwa naye alikuwa na mikono ya nguvu kuliko yangu, nilikuwa hatua mbili nyuma yake na sikumuwahi. Alishonwa kichwa. Tangu siku ile sisemi tena kwamba "rampe yoyote ni afadhali kuliko kukosa". Rampe mbaya inamuita mtu apande. Ngazi angalau inamuambia ukweli.

Sasa vijana wa kumubeba. Ni roho nzuri, na mu dharura watu wote tunafanya vile, lakini hakiko kitu cha kila siku. Kumuinua mtu na kiti juu ya ngazi tatu wateja wote wanaangalia, nguo inapanda, mtu anashikwa pahali asipotaka, mama mwenye heshima yake atavumilia mara moja, mara ya pili atatuma mtoto. Tena ni hatari. Vijana wanapenda kushika pa kuwekea mikono na pa kuwekea miguu, na viti vingi vile vipande vinachomoka, ndivyo vimetengenezwa, kwa hiyo katikati ya ngazi mmoja anabaki na kipande cha chuma mu mkono na mama yuko chini. Na kama aksida yake iligusa uti wa mgongo, inawezekana hasikii miguu, mguu unaweza kubanwa ao kuchubuka na asijue mpaka usiku anapovua nguo.

Kama siku moja inabidi kabisa kabla rampe iishe, muulize kwanza yeye namna anataka, anajua mwili wake. Kiti kigeuze mgongo kuelekea ngazi. Mwenye nguvu zaidi akae juu, nyuma ya kiti, ashike mikono ya kusukumia kisha kuhakikisha ile mipira yake haichomoki, wa pili akae chini mbele ya mama ashike vyuma vya chasi. Kiti kinainamishwa nyuma kidogo kisimame ku magurudumu makubwa, kisha kinavutwa ngazi moja, kinapumzika, ngazi ya pili, na mama njo anahesabu. Kushuka, mama anaangalia mbele, mwenye nguvu anabaki nyuma juu, anashusha magurudumu makubwa pole pole ngazi kwa ngazi. Hakuna kukimbia, hakuna kucheka-cheka, na mvua ikinyesha hapana kabisa.

Tuje ku jibu lako lenyewe. Uliliandika wewe mwenyewe ku mstari wa mwisho, sijui kama uliliona: mlango wa depo, santimetri 18.

Hapa kwetu ngazi za mbele ziko ndefu kwa sababu yake, usimulaumu aliyejenga. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka mu ziwa, na watu walijenga tena juu yake, na hata pale haikupita chini ni mawe ya volkano tu, hayachimbiki bila nyundo na jasho la siku nyingi, kwa hiyo fundi anapanda juu ya jiwe badala ya kulikata, na anaongeza tena ili maji ya mvua yasiingie. Matokeo yake ni kwamba mbele ya nyumba unakuta metri nusu ya kupanda na nyuma ya nyumba ile ile ardhi imejiinua yenyewe. Bahati yako iko kule nyuma.

Santimetri 18 mara 12 ni metri 2 na santimetri 16. Weka metri 2 na nusu, na mama atakuombea baraka. Kwa upana, santimetri 90 ni ya mwisho, lakini uko na metri moja na nusu ya kuluwari, kwa hiyo chukua metri moja na santimetri 20 na uache inayobaki kwa maji. Rampe ya hivyo haiko kazi ya kuogopesha. Upande wa chini unene ni sufuri na upande wa juu ni 18, kwa hiyo beto yenyewe ni kama robo ya metri kubiki. Kule juu, mbele ya mlango, unahitaji pahali tambarare pa metri moja na nusu kwa metri moja na nusu, na hapo unajaza mawe chini, mawe hatukosi, kisha beto ya santimetri 8 ao 10 juu. Yote pamoja nahesabu mifuko minne ya sima ya kilo 50, ao pungufu kidogo. Rampe ya mbele ya metri sita ingekula mingi kuliko hiyo, na ingetoka mpaka mu barabara, ingefunga rigole ya maji, na ile haiko yako wala ya mwenye nyumba, ni ya watu wote, watu wa urbanisme wangeivunja na wangekuwa na haki.

Usiruke pale tambarare pa juu, masoni atataka kuparuka ili kupunguza kazi. Mlango wako wa chuma bila shaka unafunguka kuja inje. Mtu akiwa mu kiti juu ya mtelemko anapaswa kushika magurudumu kwa mikono miwili asirudi nyuma, sasa atafungua mlango na mkono gani? Na mlango ukija inje unamusukuma. Akikaa pahali tambarare anaachilia magurudumu, anavuta mlango, anazunguka, anaingia. Metri moja na nusu ni nafasi ya kiti kufanya mzunguko mzima, haikutoka mu hewa.

Vitu vingine vya rampe nitavisema haraka, juu masoni mzuri ataelewa. Usilainishe sima na taloshi mpaka ing'ae, ipitishie ufagio ikiwa bado mbichi, mistari iende kwa upana, njo inashika mvua ikinyesha. Hakuna karo. Pembeni weka kizingiti kidogo cha santimetri 5 ao zaidi ili gurudumu lisichomoke, na bomba la kushikia ku kimo cha santimetri 90 hivi. Chini ya pale tambarare pa juu pitisha tiyo ya PVC, vinginevyo mvua ya kwanza itageuza kuluwari ziwa na majirani watakuchukia bure. Pale rampe inapokutana na ardhi kusikuwe na kingo hata ya santimetri mbili, magurudumu madogo ya mbele yanakwama hapo na mtu anaruka mbele.

Na kuluwari yenyewe? Hukuniambia chini iko nini. Kama ni ile changarawe nyeusi yetu, rampe nzuri haitasaidia kitu, juu gurudumu dogo linazama kama mguu mu mchanga. Unahitaji njia ya upana wa metri moja tu, sima ao mawe yaliyopangwa na kushindiliwa vizuri, kutoka barabara mpaka rampe. Pima na mtelemko wa kuluwari pia. Chukua ubao wa santimetri 120, weka mwisho mmoja chini upande wa juu, inua mwisho wa pili mpaka nivo iseme sawa, kisha pima chini ya ubao. Ikipita santimetri 10 pale ni mkali. Ubao mmoja na nivo, hata mtoto anaweza.

Najua utaniuliza, na ni vizuri uniulize: si ni kumuingiza mama mlango wa nyuma kama mwizi? Inategemea wewe. Kama mlango wa kuluwari unafungwa na kofuli na mama anapaswa kulalamika barabarani mpaka mtu amutafute mwenye funguo, kama anapita kati ya mapipa ya takataka na nguo za ndani zinakaushwa, basi ndiyo, ni mlango wa nyuma, na hatakuja. Lakini kama asubuhi ukifungua butike unafungua na kuluwari, unaweka taa, unaandika ku ukuta wa mbele kwa rangi kubwa MLANGO BILA NGAZI na mshale, basi ni mlango wa pili wa butike. Na utaona nani ataanza kuupitia: mama mwenye mimba, mzee mwenye fimbo, kijana wa chukudu anayekuletea unga, hata wewe siku unabeba magunia. Nakubali kwamba kuingia mbele pamoja na watu wote ingekuwa bora. Kwa santimetri 51 na nafasi uko nayo, leo haiwezekani vizuri, na mimi napendelea mlango wa pembeni unaofanya kazi kuliko mlango wa mbele unaovunja watu vichwa.

Kwa mwenye nyumba, mueleze kwanza kwamba mbele ya nyumba yake haivunjwi. Hapo nusu ya ugomvi imekwisha. Kisha mupe mpango ku karatasi, na vipimo, muandikiane kwamba anakubali, na kama gharama inakulemea omba ikatwe ku lwaye (kodi ya nyumba) kidogo kidogo. Akisema sheria haimulazimishi, ajue inchi yetu ilikubali mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mu mwaka 2015, na ule mkataba unazungumzia waziwazi kuingia mu majengo yanayotumikia watu wote, Katiba ya 2006 ku artikle ya 49 inawapa haki ya kulindwa kipekee, na tangu tarehe 3 Mei 2022 iko loi organike nambari 22/003 juu ya haki zao. Sikuambii umupeleke mu tribinali, hata ukishinda hautakuwa umeshinda, mnaishi parseli moja. Nakupa maneno ya kuweka mezani kwa heshima.

Na lile la "mteja mmoja" usiliache lipite. OMS, Shirika la Afya Duniani, inahesabu mtu mmoja ku sita duniani anaishi na ulemavu mkubwa. Hawako wote mu viti, wengine ni macho, masikio, maumivu ya muda mrefu. Lakini mu mji kama wetu, na vita na aksida za mamoto (pikipiki) kama unavyojua mwenyewe, waliokatwa mguu ao kuumia mgongo hawako wachache. Hauwaoni ku butike yako kwa sababu ya zile ngazi.

Jambo moja watu wanachanganya: si kila mwenye ulemavu anahitaji rampe. Wale wa trisikli za kuzungusha na mikono, wengi waliugua polio wakiwa watoto, trisikli yao ni ndefu, haitazunguka mu butike yako hata ufanye nini. Wanachotaka ni pahali pa kuiacha karibu na mlango, isiyo mu njia ya mamoto, mahali wewe ao mtu wako anaiona isiibiwe, kisha wanaingia na mikongojo. Na mtu wa mikongojo, hasa mwenye mguu mmoja, mara nyingi anapenda ngazi kuliko mtelemko, ngazi inampa pahali tambarare pa kukanyaga. Kwa hiyo ngazi zako za mbele usizivunje. Weka bomba la kushikia, pande mbili ukiweza, paka rangi nyeupe ku kingo ya kila ngazi, na weka kiti kimoja cha kawaida ndani. Hiyo haipiti siku moja ya fundi wa kuunga vyuma.

Ndani sasa. Pima mlango wa depo ukiwa wazi, kutoka bawa la mlango mpaka fremu, unahitaji santimetri 80 zilizo wazi kabisa. Milango yetu mingi ya chuma ina mabawa mawili na moja linafungwa na kipingo tangu siku ya kuwekwa, watu wanasahau kama linafunguka. Lifungue. Ile bara ya chuma chini ya fremu, santimetri 4 ao 5, ni ngazi kwa gurudumu dogo. Wewe utasema ni juu ya wezi, ni kweli, lakini fundi anaweza kuikata na kuweka kipingo kinachoingia chini mu sima, usalama ni ule ule. Kama hautaki kukata, tengeneza kabari za mbao pande mbili. Kwa kimo kidogo hivyo Wamarekani wanakubali hata moja kwa nane mu majengo ya zamani, maana yake kwa santimetri 5 kabari ya 40.

Kisha njia. Depo yako najua inafanana namna gani bila kuiona: mifuko ya unga, bidon za mafuta, karto za sabuni mpaka ku mlango. Acha njia ya santimetri 90 mpaka mu butike, na ndani ya butike pahali pamoja pa metri moja na nusu pa kuzungukia, ili mama asitoke kinyume-nyume. Hiyo haiombi sima hata kidogo, inaomba tu kila asubuhi usisahau, na nakuambia ukweli njo kitu kinachoshinda watu, rampe inabaki miaka ishirini lakini ile karto "ya dakika mbili" njo inafunga njia. Vitu mama ananunua kila siku visipite kimo cha santimetri 120, wala visiwe chini ya 40. Kontwari yako kama iko na grilaje na kimo cha metri moja na ziada, mtu amekaa anaona mbao tu, haoni mizani, haoni uso wako. Shusha kipande kimoja cha upana wa santimetri 80 kifike kimo cha 80, na chini yake kuwe wazi magoti yaingie, ao weka meza ndogo pembeni na umutumikie pale. Mizani uigeuze aione.

Wenye magazini ya etaji na wale wa santre za biashara za Lubumbashi waliokuwa wakiniuliza pia, neno moja tu: asansere haiko jibu kama umeme ukikatika hakuna jenereta inayoibeba. Bidhaa za lazima, kese ya kulipia na twaleti ya mlango mpana ziwe chini, ku rez-de-chaussée.

Wakati gani unahitaji mtu afike mwenyewe kuona? Ukipima upya na ukute kule nyuma kupanda kunapita santimetri 40 ao 50, ao rampe inapaswa kukunja kona, ao mnataka kukata ukuta ili kupanua mlango, usiamini maneno yangu wala ya masoni peke yake, tafuta enjinieri wa ujenzi aone ule ukuta unabeba nini. Na kwa mama mwenyewe: kama kiti chake ni kile cha hospitali, magurudumu madogo magumu, ao miguu inaning'inia, ao anateremka-teremka mu kiti, aende aangaliwe. Hapa Goma iko santre ya Shirika la Umoja, na ku HEAL Africa wako wanaofanya kazi hiyo, ndugu wa Bukavu wako na Heri Kwetu. Ku mawe yetu mara nyingi kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa kubwa na liko mbali mbele, kinatembea vizuri kuliko cha manne. Na kama ana kidonda ku matako ao ku mgongo wa chini, hata alama nyekundu tu isiyopotea, hiyo haisubiri rampe, ni wiki hii hii, vidonda vya kukaa vinaanza ndani na vinapoonekana inje vimeshakula. Muombe mke wako amuulize, itakuwa rahisi kati yao.

Neno langu la mwisho kwa masoni: kabla ya kuchanganya sima, afanye rampe ya uongo. Mbao mbili nene zilizofungwa pamoja, mifuko ya mchanga chini, metri 2 na nusu, kimo kile kile. Inachukua asubuhi moja. Kisha umuite mama, na umuombe ajaribu, wewe ukiwa nyuma yake karibu kabisa na mikono tayari, bila kumusukuma. Akisimama katikati kupumua, masoni aongeze urefu, hata kama hesabu yangu inasema inatosha, juu mikono ni yake. Akigonga ukuta na kiwiko, aongeze upana. Akifika juu, mwache afungue mlango mwenyewe, apite kati ya mifuko, afike pale unga unapokaa, na hapo umuulize tena anataka upi.